Klipu ya Pistoni ya Nne

Mlango wangu na lori la jirani yangu Mulama vilitazamana kwa miaka ishirini na mmoja. Asubuhi nikisukuma pazia nitoke kuwasha jiko, kitu cha kwanza kuona ni lile Bedford la kijani, limekaa juu ya mawe bila magurudumu, kuku wa majirani wametaga chini yake. Wageni waliokuja mtaani kwetu Kaloleni waliniuliza kwa nini mwenyewe haliuzi kwa watu wa vyuma chakavu. Nilichoka kueleza. Nikawa nasema ni la mgonjwa, hata kabla mwenyewe hajaugua.

Jina langu ni Norah, lakini hapa uani mimi ni Mama Caleb. Nauza chapati na chai mlangoni kwangu tangu Caleb akiwa mgongoni, na sasa Caleb ana ndevu. Nimeanza na lori, lakini mtu ninayetaka kusimulia habari zake ni Ndolo, fundi wa injini. Watu wanamsifu sana siku hizi, na kila wakimsifu mimi nageuza uso.

Ndolo alikuja Nairobi akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Machakos. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na ule mkono wa kuchonga Ndolo aliuchukua akaupeleka kwenye vyuma. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, anayekunja ovaroli lake jioni kama shati la kanisani. Gereji yake ilikuwa pale uwanjani karibu na reli, pasipo na ukuta wala paa, na sakafu ni vumbi lililolowa oili. Ukiweka kitu kidogo chini pale, umekipoteza. Kwa hiyo vile vitu vidogo, skrubu na pini na klipu, Ndolo alivibana midomoni. Ukimsalimu akiwa kazini anakujibu kwa nyusi. Watu walimcheka, yeye akasema katika maisha yake yote hajawahi kupoteza hata klipu moja. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake la kujivunia, kama wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Klipu ninayosema ni kipete cha waya mgumu wa chuma, kimeachwa wazi kidogo, upana wake unapita kidogo sarafu ya shilingi ishirini. Mimi nilifundishwa na Ndolo mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ina pini inayopita katikati yake, na kila upande wa pini kuna klipu ya kuizuia isitoke. Klipu ikikosekana, pini inatembea pole pole mpaka inaanza kuchimba ukuta wa silinda. Gari linaweza kwenda mwezi, miezi miwili, halafu siku moja linakwama lisiondoke tena. Injini ya lori lile ina pistoni sita, basi ni klipu kumi na mbili.

Mulama alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Mtu wa Magharibi mwa Kenya, mkubwa wa mwili, mzee wa kanisa, sauti yake akiongea uani sisi wote tumesikia. Aliendesha malori ya watu kwa miaka mingi, kisha akajinunulia lake kuukuu, akawa anabeba mbao kutoka huko kwao kuleta kwa maseremala wa soko la Gikomba. Ndolo ndiye aliyelitunza. Walipendana hao wawili mpaka wake zao walikuwa wakinung'unika. Injini ikifunguliwa, ilifunguliwa hapa hapa uani, na mimi ndiye niliyewapelekea chai.

Na Mulama alikuwa na desturi yake. Chai ikifika, hakuna kuigusa kabla ya maombi. Kofia chini, nyundo chini, kila mtu asimame. Halafu anaombea chai, anaombea lori, anaombea barabara yote hadi Malaba mpakani, anaombea madereva wanaosinzia, na serikali. Chai inapoa. Siku moja nilimwambia Mungu amekwisha kusikia, akacheka, akaongeza dakika tano.

Mwaka ule wa elfu mbili na tatu Ndolo aliifungua injini yote, akaisafisha, akaweka pistoni mpya, akaifunga. Lori likatoka hapa likiimba. Baada ya miezi miwili likakwama kwenye mlima wa Mai Mahiu na mzigo wa mbao, Mulama akalala barabarani siku tatu. Fundi mmoja wa kule alisikiliza jinsi Mulama anavyoeleza ule mlio wa mwisho, akamwambia, "Mzee, kuna klipu haikuwekwa."

Likaburutwa mpaka nyumbani. Mulama hakunawa hata uso, alimtuma mtu amwite Ndolo. Wakasimama mbele ya mlango wangu.

"Ndolo, ulisahau klipu."

"Sikusahau."

"Fundi wa kule amesema."

"Fundi wa kule hakufungua injini. Wewe ulikosa maji kwa rediyeta, ukachoma injini, sasa unatafuta mtu wa kubeba. Hizo klipu nilizitoa kwa hii mdomo moja moja. Kumi na mbili."

"Basi fungua tuone."

"Kwanza urudishe hiyo maneno. Mbele ya hawa watu."

Mulama hakurudisha. Ndolo akavaa kofia yake akaenda. Mimi nilidhani ni ugomvi wa wiki moja. Sikujua wanaume wazima wanaweza kukaa miaka ishirini na mmoja kwa sababu ya kipande cha waya.

Mtu atauliza kwa nini Mulama hakuita fundi mwingine. Aliita, tena wengi. Lakini mafundi wa uwanja ule wana sheria yao ambayo haikuandikwa popote: injini iliyofungwa na fundi haifunguliwi na mwingine wakati yule wa kwanza yuko hai na hajakubali. Wanasema ni heshima. Mimi naona ni kujilindana. Kila aliyeitwa alikwenda kumuuliza Ndolo kwanza, Ndolo akasema hapana, na fundi hakurudi. Ndipo lori likapandishwa juu ya mawe.

Mulama akawa soja wa lango kwenye kiwanda kule Industrial Area. Mtu aliyezoea kukaa juu, anaona barabara mbele yake, sasa anafungulia wengine geti. Binti yake Nabalayo alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule. Alikuwa mtoto wa hesabu huyo, walimu walikuja hapa mara mbili kumwombea arudi, lakini kitu cha kumrudisha hakikuwapo. Akaanza kufulia watu nguo huko mtaa wa Mowlem, akaolewa, akarudi na watoto wawili, sasa anauza mitumba Gikomba. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Lakini nilimwona mara nyingi akipita karibu na lori lile bila kuliangalia, kama mtu anavyopita karibu na mlevi anayemjua.

Kanisa lilijaribu kuwapatanisha. Chifu alijaribu. Mke wa Ndolo, Kavindu, Mungu amrehemu, alikuja kwangu akilia akisema hata kitandani mumewe anahesabu klipu usingizini, moja mpaka kumi na mbili. Alikuwa na uhakika Ndolo. Sisemi alikuwa mwongo wakati ule. Alikuwa na uhakika.

Mwaka jana, mvua za Machi zilipoanza, miguu ya Mulama ikavimba. Ikasemekana ni moyo. Alilazwa, akarudishwa, akalazwa tena, mwishowe daktari akawaambia wakae naye nyumbani. Siku moja Nabalayo alikwenda uwanjani kwa Ndolo kwa miguu yake mwenyewe. Nilisimuliwa na yeye.

"Mzee Ndolo, baba anakusalimia."

Ndolo alikuwa na kitu midomoni, akakitoa. "Anaendeleaje?"

"Anaenda. Anasema hana deni na mtu ila hii moja. Anataka hiyo injini ifunguliwe aione pistoni kabla hajaenda. Kama klipu ziko zote, atakuomba msamaha. Kama kuna haiko, basi uende umwambie."

Ndolo akasema, "Nitafungua. Na zikiwa ziko, aseme mbele ya watu, si kwa chumba."

Hata hapo, unaona. Mtu anakufa, yeye anataka watu.

Alikuja Jumatatu na vifaa vyake ndani ya gunia. Nilishtuka kumwona ameingia uani. Alikuwa amezeeka vibaya, shingo imebaki nyuzi. Alilizunguka lori mara moja, akaligonga bodi kwa kidole, kisha akalala chini yake. Siku tatu za kwanza kazi ilikwenda. Alitoa hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, akashusha sampu, lile bakuli la oili la chini, na ule uchafu mweusi wote ndani yake, akaiweka kando akaifunika. Alifungua nati zinazoshika pistoni kwa chini, akazisukuma kwenda juu moja moja. Ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, ya tatu, ya tano, ya sita. Zote alizipanga juu ya gazeti mbele ya mlango wangu, zote zina klipu zake mbili. Aliniita nizihesabu kama shahidi. Nikahesabu kumi.

Ya nne haikutoka.

Ilikuwa imeshika ukutani kama imezaliwa pale. Aliisukuma, akaigonga, haikujua kama imegongwa. Akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi juu yake, akafunika silinda kwa kitambaa, akaenda nyumbani. Kesho akaja, akaigonga kidogo, akasikiliza, akamimina tena, akaenda. Hakutumia chuma kuigonga. Alikwenda Gikomba kwa wachongaji, watu wa kwao, wakampa kipande cha mti mgumu, akakichonga mviringo kiingie silinda sawasawa. Anaweka kile kigogo kwa chini, anagonga mara tatu, anaweka sikio kwenye kuta za injini. Mara tatu tu. Halafu anakaa.

Vijana walipita wakamwambia, "Mzee, piga moto hiyo kitu, leta gesi, dakika mbili imetoka." Akawajibu ikipigwa moto itapasuka, na ikipasuka hakuna mtu atajua kitu ilikuwa nini. Wakaondoka wakicheka.

Mulama alilala chumba cha mbele, na dirisha lake linaangalia lori. Kila akisikia ile midundo mitatu alimwita Nabalayo.

"Imetoka?"

"Bado, baba."

Kila siku hivyo. Siku ya saba sauti yake ilikuwa imeshuka. Siku ya tisa alimwuliza kwa macho. Mimi nilipandwa na hasira, nikamfuata Ndolo na kikombe mkononi.

"Fundi, mgonjwa hangoji dizeli."

"Mama Caleb, kutu haina haraka. Nikikimbiza nitaharibu."

"Na yeye akienda kabla?"

Alitazama dirishani. Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea. "Hata mimi nataka aione. Nimengoja hii siku kuliko yeye." Alipokea chai akaiweka chini bila kuionja, na nikajua naye ana hofu, ila ni hofu ya kuchelewa tu. Hofu nyingine hakuwa nayo.

Siku ya kumi na mbili, saa kumi hivi za jioni, nilisikia midundo mitatu, kisha kimya, kisha mitatu mingine. Haikuwa kawaida yake. Nilitoka nikamkuta amelala chini ya lori, anagonga na kusogeza, anagonga na kusogeza. Kukatokea mlio kama jino linang'oka. Akatoka chini, akapanda juu, akaingiza mikono, akaivuta.

Niliingia ndani kumwaga chai kikombeni, kwa sababu nilifikiri ni siku ya chai. Niliporudi alikuwa ameketi juu ya gunia, pistoni iko mapajani, na uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Hakuniangalia. Aliinuka, akaifunua ile sampu, akamimina petroli ndani, akaanza kuuchuja ule uchafu wote kwa kitambaa kwenye beseni, konzi kwa konzi, anaupapasa kwa vidole kama mwanamke anayechambua mchele. Alimaliza. Akaanza tena upya.

"Fundi, unatafuta nini?"

Akanionyesha bila kusema. Upande mmoja wa pistoni klipu ilikuwapo. Upande wa pili palikuwa na mfereji mtupu, na pini imetoka nje kiasi cha ukucha, ncha yake imelika ikang'aa. Ukutani mwa silinda, alikonionyesha kwa tochi, kulikuwa na mtaro mrefu.

"Labda ilivunjika," nikasema.

"Ikivunjika vipande vinaanguka kwa sampu. Hakuna kipande." Akaweka vidole viwili juu ya midomo yake, hapo hapo alipokuwa akizibana. "Haikuwekwa. Iko wapi basi? Kama sikuweka, niliweka wapi?"

Nami nikakumbuka. Natamani nisingekumbuka.

Mwaka ule, siku ya kufunga injini, nilileta chai saa nne. Ndolo alikuwa ameshika pistoni mkononi na klipu moja midomoni. Mulama akasema, "Kofia chini, tuombe." Ndolo ni mtu wa kanisa pia, na hawezi kusema Amina na chuma mdomoni. Akaitoa ile klipu, akatafuta pa kuiweka isiguse vumbi, akaiweka kwenye trei yangu, kando ya mandazi. Mulama akaomba mpaka chai ikaota ngozi. Amina. Wakanywa, wakacheka, nikachukua trei nikaenda. Jioni nikiosha nikakiona kipete katikati ya makombo. Hapa uani wanaume wakitengeneza magari vyuma vimezagaa kila mahali, sikufikiria mara mbili. Pazia langu la mlangoni, lile shuka la mitumba nililonunua Gikomba, lilikuwa limepungukiwa pete moja. Nikaishona pale.

Miaka ishirini na mmoja. Walitukanana chini ya pazia lile. Kavindu alilia akiwa amelishika. Nabalayo alilisukuma kila asubuhi akija kununua chapati za watoto. Ni kitu changu, na bado jioni ile sikutoa hata chozi.

Niliingia ndani nikachukua kisu. Nilikata uzi, nikatoka nikamwekea kiganjani.

"Uliiweka kwa trei yangu," nikamwambia. "Tukiwa tunaomba."

Aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa imeshika wekundu wa kutu kidogo, basi. Akairudisha pini ndani kwa kidole gumba, akachukua plaisi, koleo lake dogo, akaibana klipu, akaiachilia kwenye mfereji wake. Ikalia tik. Ikakaa kama haijawahi kuondoka.

Naamini alikuwa anaijaribu tu. Nitaapa hivyo mahali popote. Fundi hawezi kuona tundu na kitu chake asijaribu kama vinaingiana.

Wakati huo huo Nabalayo akasimama mlangoni kwao. "Mzee Ndolo, imetoka? Ameamka. Anaisikia. Anasema uingie nayo sasa."

Ndolo alinitazama. Plaisi ilikuwa karibu na goti lake. Ingemchukua muda wa kupiga chafya kuitoa ile klipu, kuishika mkono mmoja na pistoni mkono mwingine, aingie. Aliiangalia ile plaisi. Kisha akainuka akaiacha pale.

"Mama Caleb," akasema chini chini, "nipe leo tu. Nitamwambia kesho, pole pole."

Nikamfuata na trei. Sikusema kitu. Hilo ndilo lililo langu.

Mulama alikuwa ameegemezwa kwa mito. Yule mtu mkubwa alikuwa amebaki macho na tumbo. Ndolo akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea pistoni juu ya blanketi. Miaka ishirini na mmoja hawakuwa wamekaribiana hivyo. Mulama hakuona vizuri tena, akaitafuta kwa mikono. Kidole gumba chake kikapita upande wa kwanza, kikaikuta klipu. Kikazunguka upande wa pili. Kikaikuta. Akarudi wa kwanza. Akaenda wa pili tena.

"Ziko," akasema.

Nabalayo akamsogezea mto mgongoni.

"Ziko zote." Akapumua kwanza. Kila neno alilitafutia pumzi yake. "Ndolo. Ile siku rediyeta ilikuwa inavuja. Niliona pale Naivasha. Nikasema nitaongeza maji mbele. Sikuongeza. Nilijua, nikakuwekea wewe. Huyu mtoto ametoka shule juu yangu."

"Baba, wacha hiyo," Nabalayo akasema.

"Wacha niseme. Ndolo, nisamehe."

Nilimtazama Ndolo. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Midomo yake ilifunguka, na nikasema moyoni sasa, sema sasa. Ikajifunga. Ikafunguka tena.

"Yamepita," akasema.

Mulama akamshika mkono akalia, bila sauti, kwa maana sauti haikuwapo. Kisha akataka tuombe. Aliomba maneno machache sana safari hii, na wote tukasema Amina, hata Ndolo, hata mimi.

Kesho yake Ndolo alikuja asubuhi na mapema, amevaa koti. Nadhani alikuja kusema. Nadhani hivyo kwa sababu alipita kwangu bila kusalimu, kama mtu anayebeba kitu asitake kimwagike. Lakini Mulama alikuwa ameshaacha kujua watu. Ndolo alikaa kando ya kitanda mpaka mchana, akatoka. Siku ya nne Mulama akafariki.

Ibada ya kumuaga ilikuwa pale ukumbini Kaloleni kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Magharibi. Watu walijaa mpaka nje. Nabalayo alisimama mbele na kitambaa kichwani, akasema baba yake aliacha agizo moja, kwamba Mzee Ndolo aombwe msamaha hadharani, kwa kuwa alidhulumiwa miaka mingi. Akasema pistoni ilitolewa, klipu zilikuwa zote, na baba alizigusa kwa mkono wake. Akamwita Ndolo mbele. Akapiga magoti, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mbele ya umati wote, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba ya Mulama.

Ndiyo, alipata watu wake. Alisimama pale na kofia mikononi, anaikunja na kuikunjua, na kina mama wakaangua kilio wakifikiri ni uchungu wa rafiki. Akamwinua Nabalayo. Hakusema chochote. Wakasema huo ndio unyenyekevu.

Tangu hapo Ndolo hafanyi injini. Yuko hapa Kaloleni, anakaa kwenye ngazi za nyumba yake. Vijana wa uwanjani humletea heshima zao, wakimwambia, "Fundi hajawahi kupoteza klipu." Mimi nikipita ananiangalia, nami namwangalia, na hatujawahi kulizungumza. Niliwahi kwenda mara moja nimesukumwa na hasira nimwambie aende kwa Nabalayo. Nikamkuta amelala kwenye kiti kibarazani, midomo imebana kitu ambacho hakipo. Nikarudi.

Lori lilikatwa likapelekwa kwa vyuma chakavu mwezi wa tisa. Nabalayo hakutaka kubaki na kitu ila ile pistoni. Ameiosha, ameing'arisha kwa majivu, ameiweka juu ya kabati la vyombo karibu na picha ya baba yake. Mgeni akifika, anaishusha, anamwonyesha klipu upande huu, na klipu upande huu.

Nimekwisha kujiandaa kumwambia, si mara moja. Wiki iliyopita nilikuwa nimeamua kabisa. Alikuja asubuhi kwa chapati sita kama kawaida, akasukuma pazia, akasita, akatazama juu.

"Mama Caleb, pazia yako imelegea hapa. Pete moja imetoka."

"Ilitoka kitambo," nikasema.

"Na hukuniambia? Ningekuletea, ziko mingi huko Gikomba."

Kesho yake akaja nayo, pete mpya ya njano, na sindano na uzi. Alipanda juu ya kiti changu, akaishona pale pale palipokuwa na ile nyingine, anauma uzi kwa meno, ananisimulia kwamba mtoto wake mkubwa amepita hesabu na ataingia sekondari Januari. Akashuka, akalivuta pazia mara mbili kuona kama linateleza. Nikamwambia asante.